Kundi la Tatu

Kabla ya saa mbili asubuhi kila mtu alikuwa amekwisha kutia simu yake ndani ya bati la biskuti. Bati lilikaa mlangoni, juu ya kiti cha plastiki, na ufunguo wa kufuli yake ulining'inia shingoni mwa Praneel, msimamizi wa zamu. Jumatano hiyo Asenaca Rokotui alikuwa wa mwisho. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu kimbunga cha mwaka juzi, ofisi iko ghorofa ya nne, na magoti ya mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyesimama wodini miaka thelathini hayaendi mbio kwenye ngazi. Aliweka simu yake juu ya za wenzake, akasikia kufuli ikifungwa, akaenda kukaa.

Ofisi ilikuwa na baridi kama chumba cha kugandishia samaki. Kiyoyozi kiliwekwa kwa ajili ya mashine, wala si kwa ajili ya watu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alivaa sweta la mume wake, la enzi zile alipokuwa bado na miguu yote miwili na akiendesha lori kati ya Suva na Nadi.

Alikuwa nesi. Serikali ilimwambia umefika hamsini na tano, basi, asante, lete gauni. Sasa kazi yake ilikuwa kupanga makosa. Zahanati za visiwani, maabara za mjini na hospitali zilitumiana habari za wagonjwa kwa kompyuta, na kila siku habari kadhaa zilikwama njiani: namba imekosewa, tarehe haipo, jina halijulikani. Ujumbe uliokwama uliangukia kwenye skrini ya Asenaca, sababu yake ikiwa chini kwa herufi nyekundu, naye alitakiwa kuutia katika kundi moja kati ya manne. Kundi la Kwanza: mgonjwa yuko hatarini, mtu apigiwe simu papo hapo, na boti ya dharura itoke ikibidi. La Pili: kosa lirekebishwe ndani ya wiki. La Tatu: taarifa tu, hakuna aliyeathirika, na ujumbe ulijifunga wenyewe baada ya siku tatu. La Nne: takataka. Kwa kila ujumbe alipewa sekunde tisini, na saa ndogo pembeni mwa skrini ilizihesabu kwa kurudi nyuma.

Saa tatu na kitu uliingia ujumbe wa maabara. Majibu ya damu na mkojo. Ulamila Vakacegu, mwanamke, zahanati ya Nasolevu, visiwa vya Lomaiviti. Mimba ya wiki thelathini na tatu. Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeshuka vibaya, vipimo vya ini vimepanda mara nne, na mkojo umejaa protini. Wodini, majibu kama hayo yangemfanya aache kikombe chake cha chai kianguke, akimbie. Huyu binti alikuwa na siku chache tu kabla ya kifafa cha mimba, na labda hata hizo hakuwa nazo.

Chini, kwa herufi nyekundu: MPOKEAJI AMEFARIKI. REKODI IMEFUNGWA TAREHE 14 MACHI.

Asenaca alisoma tena. Damu ilitolewa Jumamosi iliyopita, tarehe 14 Oktoba. Rekodi ilisema mgonjwa amezaliwa mwaka 1961. Kwa maana hiyo mfumo ulikuwa na mwanamke mwenye miaka zaidi ya sitini, aliyezikwa miezi saba iliyopita, mwenye mimba ya miezi minane, na haukuona ajabu yoyote.

Hakuhitaji hata sekunde kumi kuelewa. Ni wajina. Yeye mwenyewe alikuwa wajina wa bibi yake mzaa baba, na bibi alipokufa, mkeka wake, sufuria yake ya chuma na Biblia yake vilikwenda moja kwa moja kwa Asenaca, wala hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwenye jina ndiye mwenye vitu. Binti huyu naye alipewa jina la shangazi yake. Shangazi alipofariki, vya shangazi vikawa vyake: mkeka, sufuria, na ndani ya kopo la zamani la biskuti, kadi ya kliniki. Kadi yake mwenyewe bila shaka ilikwenda na kimbunga pamoja na paa. Jina ni lile lile, kijiji ni kile kile, kwa nini asiitumie? Nesi wa zahanati aliisoma namba, akaiandika, hana hili wala lile.

Akabonyeza Kundi la Kwanza. Taa ndogo ikawaka kwenye meza ya Praneel, kwa sababu Kundi la Kwanza halikutoka bila msimamizi kulikubali.

"Sista," Praneel aliita. "Njoo kidogo, Sista wangu."

Praneel Deo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mstaarabu, mtu wa kuleta chapati na bilinganya za mama yake kila Ijumaa agawie ofisi nzima. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchukia.

"Hii umeweka Moja."

"Ndiyo."

"Mpokeaji amefariki, Sista. Mwongozo, ukurasa wa kumi na moja. Mpokeaji akiwa amefariki, Kundi la Tatu. Hakuna 'lakini' hapo."

"Hajafariki. Aliyefariki ni shangazi yake. Huyu ni wajina wake, anatumia kadi ya marehemu."

"Sasa hilo la wajina nitaliandika wapi? Nionyeshe kisanduku chake."

"Praneel, wewe umezaliwa Nausori. Jirani zako wangapi wana jina moja?"

Akacheka bila kutaka. "Nyumba ya pili tu kuna Josefa watatu. Ukiita mmoja, wanatoka wote na panga." Kisha akaacha kucheka. "Lakini mwongozo haukuandikwa Nausori. Umeandikwa Brisbane, na wenye kampuni. Ijumaa wanaingia kwenye skrini kuamua kama mkataba unaendelea, na wanaangalia kitu kimoja tu, hizi Moja. Mwezi huu tayari tunayo moja. Ya pili ikitoka watasema Suva ndiko kwenye matatizo, wapeleke kazi Manila. Tuko watu kumi na tisa humu ndani. Na mimi mke wangu amejifungua juzi."

"Amejifungua salama?"

"Salama, Sista. Asante."

"Huyu hatajifungua salama."

Praneel alitazama kibodi. Aliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Asenaca alianza kuwa na matumaini. Halafu kidole chake kikabonyeza Tatu, polepole, kwa adabu.

"Kama ni mzima, zahanati wenyewe watauliza majibu yako wapi," alisema. "Wakiuliza, tutawajibu."

Saa ya chakula aliteremka ghorofa nne mpaka kwenye kibanda cha chakula karibu na karakana za meli, akamwomba simu mama muuzaji. Simu za kwenye bati hazikutoka mpaka jioni. Zahanati ya Nasolevu iliita, ikaita, haikupokelewa. Namba ya pili aliyoikumbuka tangu enzi zake za kazi ilikuwa ya duka la kijiji. Alipokea Apisai, mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye pia mwenye duka.

"Bula! Nani mwenzangu?"

"Asenaca, kaka, niko Suva. Nilikuwa nesi hospitali kubwa. Namtafuta Ulamila Vakacegu."

Kuku alilia mahali fulani karibu na simu.

"Pole, dada yangu. Kumbe habari haikukufikia? Ulamila tulimzika mwezi wa tatu."

Asenaca alifumba macho. Hata kijijini alikuwa amejibiwa kwa herufi nyekundu.

"Si huyo, kaka. Wajina wake. Mwenye mimba."

"Aaa, Ula mdogo! Huyo yupo. Amenona huyo, hutamjua. Uso kama mkate ulioumuka. Tunamtania kwamba amebeba mapacha na baba yao pamoja."

"Kule si kunona, kaka. Amevimba. Analalamika kichwa?"

"Kichwa, ndiyo. Na mwanga. Siku mbili hizi hataki kutoka nje, anasuka mkeka gizani. Sisi tukasema uvivu."

"Lazima apande boti ya kesho. Aje Suva."

"Boti ya afya? Ile haimpakii mtu bila barua ya nesi. Na nesi wetu Taraivini yuko upande wa pili wa kisiwa anachanja watoto, anarudi jioni. Barua yenyewe, nasikia, inasubiri majibu ya damu."

"Majibu ninayo mimi."

"Basi si uyatume, dada," alisema Apisai, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo jepesi kwa mtu wa mjini.

Jioni ile zahanati haikupokea; Alhamisi alipiga tena kutoka kibanda kile kile. Safari hii alipokea Taraivini, nesi wa zahanati, na alikuwa anahema kama aliyetoka kukimbia. Boti ilikuwa imeondoka saa tatu.

"Nimempeleka mpaka gatini, Sista. Nimembeba mgongoni, viatu havimwingii. Nikiandika namba yake, mashine inaniambia abiria amefariki. Nahodha anacheka. Ananiambia, nesi, sisi maiti tunazirudisha visiwani, hatuzipeleki mjini."

"Mwandikishe upya. Mpe namba mpya."

"Kwa cheti gani? Cheti chake cha kuzaliwa kiko baharini. Kipya ni wiki sita, na lazima aende mwenyewe Suva kuomba." Alinyamaza, akameza mate. "Jana nilivyorudi, Apisai akaniambia umepiga. Nikaandika swali kwenye mfumo. Nimeandika, majibu ya Ulamila Vakacegu yako wapi, tumepigiwa simu kwamba yapo. Limekufikia?"

"Halijanifikia."

"Basi nisomee wewe. Nipe namba tu."

Asenaca alimsomea kutoka kichwani. Mama muuzaji aliacha kukata magimbi akasikiliza.

"Unayo sindano ya kuzuia kifafa, ile ya magnesi?"

"Iliisha Agosti."

"Boti ya kijiji?"

"Injini ipo. Mafuta hakuna, na bahari hii, Sista, mwendo wa saa sita ndani ya kimtumbwi, atafia mikononi mwangu katikati ya maji. Mimi nataka boti ya dharura, au helikopta. Wanasema inatoka mfumo ukitoa Kundi la Kwanza. Nani anatoa hilo Kundi la Kwanza?"

Asenaca aliona aibu. "Nalishughulikia," alisema.

Praneel alikuwa anamsubiri kwenye meza yake, na karatasi mkononi. Lilikuwa swali la Taraivini. Chini, kwa nyekundu: MPOKEAJI AMEFARIKI. Na pembeni lilikwisha kutiwa muhuri wa Kundi la Tatu.

"'Tumepigiwa simu,'" Praneel alisoma. "Nani kapiga, Sista?"

"Mimi."

"Unajua ulitia saini nini siku ya kwanza. Habari ya mgonjwa haitoki kwenye chumba hiki. Ndiyo maana kuna bati pale mlangoni."

"Ulisema wakiuliza tutawajibu. Wameuliza."

"Wameuliza kwa namba ya marehemu!" Sauti ilimpanda, wenzao wawili wakageuka, naye akaishusha. "Sista. Mimi nifanye nini? Niambie. Nikiruhusu hii, kesho kila marehemu atakuwa na wajina."

"Kila marehemu anaye, Praneel. Ndivyo tunavyoishi."

Akasugua uso kwa viganja. Ilionekana hakuwa amelala, kwa sababu ya mtoto.

"Kuanzia sasa Kundi la Kwanza nimelifunga kwako. Kitufe hakitabonyezeka. Mkataba ukipita nitakufungulia. Na hili la simu silipeleki juu, unasikia? Mwingine angekumwagia unga leo leo. Mfikirie mzee nyumbani."

Asenaca alimfikiria mzee nyumbani. Alifikiria kidonda kipya kwenye mguu uliobaki, na dawa zake, na wajukuu wawili wanaomsubiri na sare za shule. Akakaa. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba pamoja na kelele zote zilizokuwa kichwani mwake, alikaa, akavuta sweta, akafungua ujumbe uliofuata. Mtu fulani Labasa alikuwa ameandika tarehe ya kuzaliwa ya mwaka 2093. Kundi la Pili.

Jioni, simu yake ikiwa mkononi tena, alikwenda kwa miguu mpaka hospitali. Mlinzi alimjua, akampitisha. Daktari wa zamu wa uzazi, kijana mpole mwenye macho mekundu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, kisha akaiandika namba kwenye kompyuta yake na kumgeuzia skrini ajionee. Kitanda hakikuweza kutengwa, alisema, wala boti kuitwa, kwa mtu ambaye rekodi yake imefungwa. Kama angekuwa na njia ya kumfikisha mlangoni, wangempokea. Mlangoni wangempokea hata bila jina.

"Yuko mbali na mlango, daktari."

"Najua, Sista. Samahani sana."

Ijumaa alipiga mara tatu. Mara ya kwanza Taraivini alisema presha haishuki. Mara ya pili alisema binti anaona nyota mchana. Mara ya tatu simu ya zahanati haikuwa hewani. Ofisini, siku hiyo hiyo, watu wa Brisbane walitokea kwenye skrini kubwa wakiwa na mashati mepesi, wakaangalia michoro ya takwimu ya Praneel, wakasema namba za Suva ni nzuri ajabu.

Jumatatu kulikuwa na keki ya kusherehekea mkataba. Keki ya nanasi, kubwa kama meza ya mtoto, na juu yake kwa krimu ya buluu: MIAKA MITATU ZAIDI. Praneel alivaa shati la maua. Skrini kubwa iliwashwa tena ili Brisbane washuhudie wakati wa kukata, na wafanyakazi wote walisogea ukutani wakiacha viti vyao wazi. Praneel alipita kwenye meza ya Asenaca kabla ya hotuba, akamwekea sahani ya karatasi yenye kipande cha pembeni, penye krimu nyingi.

"Kula, Sista. Umepungua. Na nitakufungulia kile kitufe leo, nikimaliza haya mambo."

Hakusogea ukutani na wengine. Foleni ya ujumbe wa mwisho wa wiki ilikuwa ndefu, na mtu lazima abaki.

Wa nne kwenye foleni ulitoka Nasolevu. Taarifa ya kifo. Ulamila Vakacegu, miaka ishirini na mitatu, kifafa cha mimba, Jumapili alfajiri. Taraivini alikuwa ameuandika umri mwenyewe, kwa herufi kubwa, kana kwamba mtu angeusoma. Chini, kwa nyekundu: TAARIFA IMEJIRUDIA. MTU HUYU AMEKWISHA KUFARIKI. Mfumo haukumsubiri Asenaca. Ulikuwa umekwisha kuutia wenyewe katika Kundi la Nne, na ujumbe ulipofunguka ulianza kufifia, mstari kwa mstari, mpaka skrini ikawa nyeupe.

Alibaki akiangalia mahali jina lilipokuwa. Hakulia. Nyuma yake Praneel alikuwa anashukuru kila mtu kwa jina, na watu wanacheka kila mmoja anapotajwa.

Wa tano pia ulitoka Nasolevu. Taarifa ya uzazi. Mtoto wa kike, Jumapili alfajiri, kilo moja na nusu, yuko hai, anapumua kwa shida, midomo ya buluu, hakuna mashine ya joto, amefungwa kifuani kwa bibi yake. Inaombwa boti ya dharura. Wazee wa kijiji walikuwa wamekwisha kumpa jina, kama inavyopasa, ili jina lisizikwe pamoja na mwenyewe. Mtoto aliitwa Ulamila Vakacegu.

Chini kulikuwa na mistari miwili ya nyekundu. MAMA ALIFARIKI SIKU 222 KABLA YA UZAZI. MPOKEAJI AMEFARIKI.

Saa ndogo ikaanza kuhesabu. Tisini. Themanini na tisa. Asenaca alibonyeza Kundi la Kwanza. Kitufe kilikuwa bado cha kijivu, kimefungwa. Alikibonyeza tena, kwa nguvu, kwa kidole gumba, kama kinavyobonyezwa kifua cha mtoto mchanga aliyeacha kupumua, moja, mbili, tatu, nne, mpaka kibodi ikateleza na sahani ya keki ikaanguka chini.

"Praneel!" aliita.

Hotuba ilikuwa inaendelea. Aliinuka, magoti yakagoma, akashika meza, akainua mikono, akaita kwa sauti iliyowahi kusikika kutoka mwanzo wa wodi mpaka mwisho.

"Praneel!"

Msichana mmoja pale ukutani aligeuka, akamwona amesimama mikono juu, akatabasamu, naye akaita, "Praneel!" na kupiga makofi. Wa pili akadakia. Kisha ofisi nzima, watu kumi na saba, wakawa wanaita jina la msimamizi wao na kupiga makofi kwa mpigo mmoja, na Brisbane kwenye skrini wakapiga makofi pia, wamechelewa kidogo kwa sababu ya umbali. Praneel, ufunguo wa bati ukichezacheza shingoni, alimpungia mkono kutoka upande ule wa chumba. Alikuwa na machozi ya furaha.

Asenaca alikuwa anapita katikati ya viti vilivyo wazi wakati saa ilipofika sifuri. Ujumbe usiopangwa na mtu mfumo huupanga wenyewe. Kundi la Tatu, skrini yake iliandika. Hakuna aliyeathirika. Ukafunguka ujumbe uliofuata, wa mtu wa Sigatoka aliyesahau kuandika jinsia yake.